Mkristo akidai kibanja chake mahakamani, amemkosea nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua, na niombe radhi mapema kwa urefu. Nina miaka 74. Naandika kwa mkono kwenye daftari, na mjukuu wangu ndiye anayechapa na kutuma. Ameshaniambia mara mbili kwamba magazeti ya siku hizi hayataki barua ndefu. Nimemwambia achape tu.

Wiki tatu zilizopita mlichapa barua ya mwinjilisti mmoja aliyewaonya waumini juu ya kile alichokiita roho ya kudai haki. Alisema Mkristo ana wajibu, hana haki za kudai. Alisema haki za binadamu ni mafundisho ya Wazungu waliomchoka Mungu. Tena alisema mjane anayempeleka shemeji yake mahakamani kwa ajili ya shamba amemwaibisha Kristo mbele ya mataifa, akataja Wakorintho wa Kwanza sura ya 6. Mke wangu alinisomea barua hiyo kwa sauti, mimi nikigeuza kahawa mkekani. Alipofika pale pa mjane alinyamaza, akanitazama juu ya miwani. Anajua.

Mimi ni Mlutheri, mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Muleba, mkoani Kagera. Kwa miaka 17 nilikuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo. Ndio wale wananchi wanaowaita wazee wa baraza, waliokaa pembeni mwa hakimu, wakasikiliza mashauri na kutoa kura zao. Kwa hiyo haya mambo nimeyaona kwenye madhabahu na nimeyaona kwenye kizimba. Lakini kabla ya yote hayo nilikuwa karani wa ukoo, na nitaanzia hapo, mwinjilisti asije akadhani namfundisha nikiwa juu ya mlima.

Mdogo wangu wa kufuatana alifariki mwaka 1983 kwa malaria. Aliacha mjane na mabinti wawili, mmoja wa miaka sita, mwingine bado ananyonya. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani, na cheti kilikuwapo. Tulimzika kibanjani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kama ilivyo desturi yetu Wahaya, kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Kwaya iliimba, mchungaji akatupa udongo mara tatu. Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao, na mimi niliyefika darasa la nane nikapewa kalamu.

Wazee walianza kwa upole. Wakapendekeza mjane arithiwe na binamu yetu mmoja, ili yeye na watoto wabaki pale pale. Binamu alikuwa na mke tayari. Mjane akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye aliahidiana na mtu mmoja mbele ya madhabahu, na kanisa limemfundisha tangu kipaimara kwamba mjane Mkristo harithiwi. Mwenyekiti wa ukoo akatikisa kichwa, akasema: sawa, asiyetaka kurithiwa hawezi kurithi. Nikaandika hivyo hivyo. Miaka mingi imepita na bado sentensi ile ninaisikia. Kanisa lilimwondolea mwanamke yule kinga ya kimila, iwe mbaya iwe nzuri, na lilipokuja swali la atakula nini kesho, halikuwa na neno.

Kisha mimi, Mhariri, nikaongeza la kwangu. Nilikuwa na Biblia mfukoni. Nikafungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 21, nikawasomea jinsi Nabothi Myezreeli alivyomkatalia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu, kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Nikawaambia wazee: mnaona, hata Maandiko yanakataza ardhi ya ukoo itoke nje. Walipiga makofi. Nilikuwa nimemgeuza mjane mwenye kanga mbili kuwa mfalme Ahabu, na ukoo mzima wenye vibanja kumi na vinne kuwa Nabothi maskini. Sikuendelea kusoma hadi mahali ambapo barua zinaandikwa, zinatiwa muhuri, na wazee wa mji wanaitwa wakae ili mambo yaonekane yamefuata utaratibu. Aliyeandika barua zile ni Yezebeli. Kazi ya karani.

Kibanja kilikuja kwangu, kwa kuwa nilikuwa kaka wa marehemu. Kahawa niliyokuwa nikiigeuza mke wangu alipokuwa akinisomea gazeti lako ilitoka kwenye mibuni ile.

Mjane alikwenda kwa wazee wa usharika kuuliza kama anaweza kwenda mahakamani. Akasomewa mstari ule ule aliouchapisha mwinjilisti, kwamba ni aibu ndugu kumshtaki ndugu mbele ya wasioamini. Alitii. Mwaka uliofuata alipanda meli Kemondo na mabinti zake kwenda Mwanza, akaanza kuuza dagaa.

Sasa nije kwenye Maandiko, maana mwinjilisti ndiko alikotuita. Paulo kweli aliwakemea Wakorintho. Aliwaambia ni upungufu kwao kushtakiana, na akauliza kama si afadhali kudhulumiwa. Huo ni mstari wa 7, na wahubiri wengi huishia hapo, hufunga Biblia na kuomba sadaka. Mstari wa 8 unasema: bali ninyi wenyewe mwadhulumu na kunyang'anya, naam, hata ndugu zenu. Basi ukali wa sura ile unamwangukia nani? Tena Paulo anawauliza kwa kejeli kama kweli kwao hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kuamua kati ya ndugu na ndugu. Alitaka kanisa liwe na watu wa kutoa haki, wanyonge wasilazimike kuitafuta mbali. Kanisa lisilotoa haki ndani, kisha likamzuia mtu asiitafute nje, limechukua nusu ya maneno ya Paulo, na ni ile nusu yenye faida kwa waliokwisha kushika shamba.

Na Paulo mwenyewe aliishije? Pale Filipi walimpiga yeye na Sila hadharani bila hukumu, wakawatupa gerezani. Asubuhi wakubwa wakatuma watu waseme waachiliwe waende zao kimya kimya. Paulo akakataa. Akasema wametupiga mbele ya watu, nasi tu Warumi, sasa watutoe kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na wakaja, wakawasihi. Mimi naamini hakufanya hivyo kwa kiburi. Pale mjini alikuwa anaacha kanisa changa lililokutana nyumbani kwa Lidia, na alitaka mji ujue kwamba watu hawa hawapigwi ovyo. Yerusalemu walipomfunga kwa kamba za ngozi ili wampige mijeledi, alimuuliza akida aliyesimama karibu kama ni halali kumpiga Mrumi kabla hajahukumiwa. Kaisaria, mbele ya Festo, akatamka neno ambalo kila mwenye kesi mahakama ya mwanzo analifahamu: nataka rufani. Kwa nani? Kwa Kaisari. Na Kaisari wa wakati ule alikuwa Nero, ambaye hakuwa mzee wa kanisa.

Basi mtu aliyeandika Warumi 13 na Wakorintho wa Kwanza 6 alizijua haki zake za uraia, akazidai mara tatu, na mara moja akadai wakubwa waje wenyewe kumtoa. Mwinjilisti anatuambia tuitii serikali kwa sababu mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, halafu anatuambia tusimkaribie hakimu, ambaye ni mamlaka ile ile. Achague moja.

Yuko pia mjane wa Luka 18. Huwa namkumbusha mchungaji wetu kila mwaka zamu ya somo hilo ikifika. Alikwenda kwa kadhi dhalimu, tena na tena, akisema: nipatie haki na adui wangu. Bwana Yesu alitafuta mfano wa mtu anayejua kuomba bila kukata tamaa, akamchukua mama mwenye kesi mahakamani. Hakumwambia arudi nyumbani akasamehe.

Lugha yetu nayo ina la kusema hapa. Waingereza, nilivyofundishwa na mchungaji wetu mmoja aliyesoma, wana neno moja kwa lile analotoa jaji, jingine kwa lile analodai raia, na jingine kwa ule uadilifu wa mtu mbele za Mungu. Sisi yote matatu tunayaita haki. Wenye njaa na kiu ya haki, Mathayo 5, ni neno lile lile la mjane wa Luka. Sisi Walutheri ndio tusingepaswa hata kidogo kuliogopa neno hili, maana imani yetu nzima tumeitundika hapo: kuhesabiwa haki bure, kwa imani. Nimeshasikia mahubiri yakisema kwamba aliyehesabiwa haki mbinguni haitafuti duniani. Mimi naliona kinyume. Mtu aliyepewa haki bure na Mungu anawezaje kuinuka pale, akafuta magoti vumbi, akaenda kumnyima mwenzake haki ya migomba?

Lazima nikiri kwamba mwinjilisti ana mkubwa wa kumtegemea, ingawa sidhani anajua. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliandika madai kumi na mawili kule Memmingen. Wakasema, pamoja na mengine, kwamba si sawa wawekwe kama mali ya mabwana, kwa kuwa Kristo aliwakomboa wote kwa damu yake. Walinukuu Biblia pembezoni mwa kila dai. Martin Luther aliwakemea mabwana kwa ukatili wao, lakini wakulima aliwajibu kwamba haki ya Mkristo ni kuteseka na msalaba. Baadaye mwaka ule ule aliandika maneno mabaya zaidi dhidi yao, na walichinjwa kwa maelfu. Mimi nimebatizwa katika kanisa linalobeba jina lake, na ninasema hapo Luther alitukosea. Msalaba mtu anaubeba mwenyewe. Ukimtwika mwenzako huku umeshika shamba lake, huo si msalaba tena.

Lakini Luther huyo huyo, miaka miwili kabla, aliandika juu ya utawala wa dunia kwamba Mkristo kwa nafsi yake anaweza kuvumilia dhuluma, ila kwa ajili ya jirani hana ruhusa ya kukaa kimya. Na mwaka 1529 alitupa Katekisimo Ndogo, ile iliyotutoa jasho kwenye kipaimara. Mimi niliikariri mwaka 1966. Amri ya tisa, usitamani nyumba ya jirani yako. Maana yake nini? Jibu lake ni kwamba tumche Mungu na kumpenda, hata tusiutafute kwa hila urithi wa jirani wala nyumba yake, wala tusijipatie kwa kisingizio cha haki, bali tumsaidie aendelee kuwa navyo.

Urithi. Kisingizio cha haki. Nilikuwa na miaka 15 niliposimama mbele ya mchungaji nikatamka hayo bila kukwama, na wazazi wangu wakachinja mbuzi. Miaka 17 baadaye nikaandika muhtasari wenye tarehe, mahudhurio, hoja, maamuzi na sahihi. Kama kuna mtu anataka kujua kisingizio cha haki kinafananaje, ninacho sandukuni.

Mwaka 1977, Mhariri, Walutheri wa dunia walikutana Dar es Salaam. Wakamchagua askofu wetu wa Bukoba, Josiah Kibira, kuwa rais wa Shirikisho lao, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Mkutano ule ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika si suala la siasa tu ambalo Wakristo wanaweza kutofautiana kisha wakanywa chai pamoja, ni suala la imani yenyewe. Kwetu tulipiga vigelegele. Tulijua makaburu wanakosea, na tulijua kwa nini: wanawapa watu thamani kwa jinsi walivyozaliwa. Miaka sita baadaye nilikaa chini ya mwembe nikaandika kwamba watoto wawili wa mdogo wangu hawapati kibanja cha baba yao kwa jinsi walivyozaliwa. Sikuona uhusiano wowote. Pretoria ni mbali, inaonekana vizuri.

Kwa wale wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, sheria tuliyoitumia siku ile haikuwa hata mila tupu ya mababu. Ilikuwa karatasi ya serikali, Tangazo namba 436 la mwaka 1963. Linasema wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo wataitumia tu bila kuwa na mamlaka ya kuiuza, na mjane hana sehemu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Mila za babu zangu zilikuwa na mabishano, huruma na upendeleo, zilikuwa zinapinda. Zilipopigwa chapa zikawa ngumu kama mfupa.

Tarehe 22 Februari 1990, Mwanza, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua rufaa ambayo wanasheria huiita Ephrahim dhidi ya Pastory. Ilitoka huku kwetu, mahakama ya mwanzo Kashasha. Mama mmoja aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza shilingi 300,000, na mpwa wake akamshtaki kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo mama alishindwa, ya wilaya akashinda, na Jaji akasema mama yuko sahihi: Katiba yetu, baada ya kuingizwa haki za binadamu mwaka 1984, hairuhusu kanuni inayombagua mtu kwa kuwa ni mwanamke. Shemeji yangu, yule mjane wa mdogo wangu, alikuwa akiuza dagaa mji ule ule siku hukumu inasomwa. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilisikia habari hiyo miezi kadhaa baadaye, na niseme ukweli, nilichukia.

Nilipoanza kukaa mahakamani mwaka 1992 ndipo nilipoona jambo ambalo mwinjilisti angepaswa kulitafakari kabla ya kuandika. Mkristo akifa bila wosia, swali huwa ni sheria gani itumike. Ipo ya kimila, na ipo ile sheria ya kale ya mirathi ya India ya mwaka 1865 tuliyoachiwa na Waingereza. Kwa hiyo ya India, mjane aliyebaki na watoto anapata theluthi moja na watoto theluthi mbili, bila kuuliza nani wa kiume. Mahakama inaamuaje? Inaangalia marehemu aliishi vipi. Je, aliishi kimila, au maisha yake yanaonyesha aliacha mila akaishi Kikristo?

Soma tena hapo, Mhariri. Mahakama ya serikali inauliza swali la kiroho, marehemu aliishi kama Mkristo, na kipande cha mkate wa mjane kinategemea jibu. Na wanaolijua jibu ni sisi. Tuna kitabu cha ubatizo, kitabu cha kipaimara, cheti cha ndoa, daftari la ahadi na zaka. Nimeona marehemu aliyezikwa Jumamosi kwa ibada kamili, mchungaji akimwita shujaa wa imani, kwaya tatu. Jumatatu ndugu zake wanakuja na muhtasari wa ukoo wakisema aliishi kimila, na marehemu anafufuka akiwa mtu wa 1963. Katika miaka yote 17 sikuona hata mara moja mchungaji amekuja kwa hiari yake kusema: hapana, huyu tulimjua, aliishi hivi. Walikuwa wanaogopa kuonekana wanaingilia mambo ya ukoo. Hapo kanisa lilikuwa limeitwa na Kaisari mwenyewe litoe ushuhuda, likasema lina ratiba nyingine.

Nimewahi pia kuona mambo yakienda vizuri, nisije nikaonekana mzee wa kulalamika tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilipoanza kujulikana, hakimu mmoja kijana alikuwa anasoma kifungu cha 20 taratibu kwa Kiswahili chepesi, kwamba mila inayowanyima wanawake ardhi haina nguvu, halafu anawauliza wazee wa ukoo: mmeelewa au nirudie? Alikuwa anarudia. Lakini kanuni zile za 1963 hazikuondoka vitabuni kwa sababu hiyo. Wajane wawili wa Kitanzania walizipinga mahakamani wasipate nafuu, hadi mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema kanuni hizo zinavunja mkataba tuliosaini wenyewe.

Mtu wa Biblia ataniuliza: na Nabothi je? Na ardhi ya ukoo ndani ya Torati? Ni swali zuri na nimelilalia miaka mingi. Ndiyo, Mungu aliwapa Israeli ardhi kwa koo ili tajiri asije akameza maskini. Basi katika Torati hiyo hiyo, Hesabu 27, wasichana watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote. Wakasema baba yetu Selofehadi amekufa hana mwana wa kiume, kwa nini jina lake lifutwe? Tupeni milki. Walidai. Musa hakujua la kujibu, akampelekea Mungu shauri lao, na Mungu akasema mabinti hao wako sahihi, na sheria ikabadilishwa. Kwa kweli sura ya 36 ukoo ulirudi, kama koo zinavyorudi, ukalalamika kwamba wakiolewa nje ardhi itahama, na wakawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila. Hata Musa alikuwa na kikao cha ukoo. Lakini ardhi ilibaki mikononi mwa wale mabinti. Mdogo wangu naye aliacha mabinti, na mimi nilikuwa na Biblia mfukoni, na Hesabu iko kabla ya Wafalme.

Juu ya siasa sitasema mengi. Pasaka ya 2018 maaskofu wa kanisa letu la Kilutheri, KKKT, walipotoa waraka uliogusa Katiba na uhuru wa wananchi, wako waliosema viongozi wa dini wakae na dini yao. Wengi wa wasemaji hao tunawajua: hukaa kiti cha mbele kwenye harambee zetu wakipewa kipaza sauti. Mimi waraka ule niliufurahia. Ila niliposikia ukisomwa nilijiuliza kama tutakuwa na ujasiri huo huo wa kusema na mwenyekiti wa ukoo, ambaye hana polisi wala magereza, ana muhtasari tu.

Ninachokiomba si kikubwa. Mchungaji aliyefungisha ndoa aende mahakamani na kitabu chake pale mjane anapohitaji ushuhuda, hata kama hajaitwa kwa samansi. Mafundisho ya ndoa yawe na siku moja ya kuandika wosia. Mimi wangu nimeandika, mabinti watatu na mvulana mmoja, sawa kwa sawa. Mvulana alinuna tangu Kwaresima mpaka Pentekoste, sasa amezoea. Na atakayesoma Wakorintho wa Kwanza 6 mbele ya mjane asome mpaka mstari wa 8, akimtazama shemeji.

Mwinjilisti anaweza kuniuliza: na wewe kibanja umekirudisha? Swali halali. Nilipostaafu mwaka 2009 nilianza kumtumia shemeji pesa ya kahawa kila msimu. Alipokea miaka yote, akijibu ahsante mulamu, yaani shemeji. Mwaka jana pesa ilirudi. Alikuwa ameniandikia ujumbe kwenye simu: mulamu, hii ni zawadi au ni haki yangu? Nilikaa na swali hilo siku mbili, kisha nikampigia, nikamwambia kibanja ni chake na mabinti, nitampeleka kwa mtendaji wa kijiji tukaandikishiane wawili tu, kimya kimya, bila kuamsha wazee. Akakataa. Akasema mlinitoa kwa kikao, nirudisheni kwa kikao. Waje wenyewe.

Sijui kama aliujua mstari ule wa Filipi. Sikumuuliza.

Kikao nimekiitisha Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Wazee wawili wameshatuma watoto kusema hawataweza kuja, mmoja miguu, mwingine hakutoa sababu. Waliotia sahihi mwaka 1983 tuliobaki hai ni wanne. Daftari ninalo, na nitausoma muhtasari wangu kwa sauti kuanzia mahudhurio. Shemeji na binti yake mkubwa wameshakata tiketi ya meli.

Jina langu unalo, Mhariri. Naomba usilichape mpaka Jumamosi hiyo ipite.

Mzee wa kanisa,
Muleba, Kagera.